Mwanafunzi Anapokwama Katika Hisabati: Kusoma Dalili, Kutafuta Chanzo na Kutibu

Wanafunzi watatu wamepewa swali moja, 402 − 187. Wa kwanza ameandika 385, wa pili 125 na wa tatu 225. Jibu sahihi ni 215, kwa hiyo wote watatu watawekewa alama ya kosa, na mara nyingi wote watatu watarudiwa maelezo yaleyale ubaoni. Ukiwaomba wasimulie walivyofanya, hata hivyo, utagundua kwamba hawaumwi ugonjwa mmoja. Wa kwanza ametoa tarakimu ndogo kutoka kwenye kubwa katika kila safu, bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2 ni 5, 8 toa 0 ni 8, 4 toa 1 ni 3. Wa pili anajua kukopa, lakini alipoikuta sifuri kwenye makumi aliiruka, akakopa kwenye mamia na kupeleka mkopo moja kwa moja kwenye mamoja, hivyo mia nzima ikageuka kuwa kumi njiani. Alipofika kwenye makumi akakopa mara ya pili. Wa tatu amekaribia sana: aliigeuza mia kuwa makumi kumi, akapeleka kumi moja kwenye mamoja, kisha akasahau kwamba makumi yamebaki tisa.

Anayemrudia wa kwanza hatua za kukopa anampa dawa ya wa tatu. Wa kwanza anahitaji kushika vijiti vilivyofungwa kumikumi na kuviona vikifunguliwa, kwa sababu bado hajakubali kwamba 402 ni idadi moja. Kwake ni tarakimu tatu zilizopangwa karibukaribu. Wa pili husaidiwa sana akiitazama 402 kama makumi 40 na mamoja 2, kwani hapo ni rahisi kuona kwamba ukifungua kumi moja unabaki na makumi 39 na mamoja 12, na sifuri haina tena la kukutisha. Wa tatu hahitaji somo jipya. Anahitaji mazoea ya kuhakiki, yaani kujumlisha 225 na 187, kuona kwamba inatoka 412, na kurudi mwenyewe kulitafuta kumi lililozidi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwalimu, mzazi au yeyote anayemsaidia mwanafunzi, na unafuata njia hiyo katika kila tatizo: kwanza dalili, kisha chanzo kinachowezekana, kisha tiba. Chombo kikuu cha uchunguzi ni ombi moja fupi, “Nieleze ulivyofikiri.” Ombi hilo litolewe hata jibu likiwa sahihi, na kwa sauti ileile, la sivyo wanafunzi watajifunza upesi kwamba anayeulizwa ndiye aliyekosea.

Darasa linanyamaza swali linapoulizwa

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni saa ya mwalimu mwenyewe. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi mazungumzo ya madarasani na kukuta kwamba walimu walisubiri takriban sekunde 1 tu baada ya kuuliza swali kabla ya kulirudia, kulijibu au kumgeukia mwanafunzi mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi ambao kwa kawaida hawakusikika walianza kuchangia. Sekunde 3 zinaonekana chache kwenye karatasi. Mbele ya darasa lililo kimya ni ndefu mno, na kwa hiyo ni vyema kuhesabu moyoni hadi tano kabla ya kufungua kinywa tena.

Ukisubiri na kimya kikaendelea, chunguza swali lenyewe. Swali lenye jibu moja la haraka, kama “Saba mara nane ni ngapi?”, huwagawa wanafunzi katika makundi mawili, wanaojua na wasiojua, na asiyejua hana la kusema. Swali kama “Ungewezaje kuipata saba mara nane kama umeisahau?” linamfungulia mlango hata asiyejua, kwa kuwa mmoja atasema anaanza na saba mara saba kisha anaongeza saba, na mwingine atasema anaizidisha saba kwa mbili mara tatu mfululizo: 14, 28, 56. Hapo hisabati inaanza kuongeleka.

Chanzo cha tatu ni hofu ya kukosea hadharani. Tiba yake haiko katika kuwahimiza wanafunzi wasiogope, kwa maana hakuna aliyewahi kuacha kuogopa kwa kuambiwa aache. Iko katika kupunguza gharama ya kukosea: kila mmoja aandike kwanza wazo lake kwenye daftari, alilinganishe na la jirani, na baadaye tu ndipo wachache waseme mbele ya wote. Anayezungumza wakati huo anasema la wawili, na kosa likitokea halimwangukii peke yake.

Anaelewa darasani, akiwa peke yake hawezi

Hili ndilo lalamiko ambalo wazazi hulisema zaidi, na wanafunzi wenyewe hulisema kwa unyofu: “Mwalimu akifanya naelewa, nikikaa mwenyewe sielewi.” Hawadanganyi. Kufuata hatua zinazoandikwa na mtu mwingine ni kazi tofauti kabisa na kuzizalisha, kama ambavyo kuijua njia ukiwa umeongozana na mwenyeji hakukuhakikishii kwamba kesho utafika peke yako. Kipimo ni chepesi. Baada ya mfano kumalizika ubaoni, ufute, waambie wanafunzi wafunge madaftari, na uwape swali lilelile bila kubadili hata namba moja. Wengi watashangaa kwamba hawawezi kulirudia, na mshangao huo una faida kuliko maelezo ya dakika kumi.

Tiba ni kuuondoa mfano hatua kwa hatua, wala si ghafla. Anza na mfano uliokamilika, na umtake mwanafunzi aandike kando ya kila mstari sababu ya mstari huo. Chukua mlinganyo 3x + 5 = 20. Mfano kamili unaonyesha 3x = 15, kisha x = 5, na mwanafunzi anaandika: “Tumetoa 5 pande zote mbili,” halafu “Tumegawanya kwa 3 pande zote mbili.” Mfano wa pili uwe na mstari wa mwisho uliofutwa, wa tatu ubaki na mstari wa kwanza tu, na wa nne uwe swali tupu. Anayeanza kujifunza jambo hufaidika zaidi na mifano iliyokamilika kuliko kuachwa apapase gizani, lakini faida hiyo hupungua kadiri anavyokomaa, kwa hiyo kosa la kuendelea kumfanyia aliyekwisha kuweza ni kubwa sawa na kosa la kumwacha asiyeweza.

Msaada una adabu yake pia, nayo ni kutoshika kalamu ya mwanafunzi. Mara tu kalamu inapohamia mkononi mwa msaidizi, kazi imehama nayo, na anayekodolea macho atatikisa kichwa kukubali lolote.

Anauliza, “Ni kujumlisha au kutoa?”

Mwanafunzi anayeuliza hivi mbele ya fumbo la hisabati ameacha kulisoma. Anawinda namba na neno la kumdokezea tendo. Watafiti wa Grenoble nchini Ufaransa, karibu na mwaka 1980, waliwapa watoto wa shule swali la aina hii: katika meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Wengi walijibu kwamba ana miaka 36. Watoto hao hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamejifunza, kutokana na mamia ya mafumbo ya shuleni, kwamba kila namba iliyotajwa lazima itumike na kwamba kila swali lina jibu linalotarajiwa.

Sehemu ya lawama ni yetu sisi tunaowafundisha maneno ya kudokeza, kwamba “zaidi” ni kujumlisha na “kubaki” ni kutoa. Mpe mwanafunzi aliyefundishwa hivyo fumbo hili: dada ana kalamu 12, ambazo ni 5 zaidi ya kalamu za kaka; kaka ana ngapi? Ataona “zaidi” na kuandika 17, wakati kaka ana 7. Mwanafunzi huyo hakuvunja kanuni yoyote, ameifuata tuliyompa.

Tiba inayofaa zaidi ni kuficha namba. Msomee: “Dada ana kalamu kadhaa, nazo ni nyingi kidogo kuliko za kaka.” Kisha uliza nani ana nyingi. Akijibu, mwache achore mistari miwili, mrefu wa dada na mfupi wa kaka, ndipo namba zirudi na kukaa mahali pake kwenye mchoro. Tendo litajichagua. Mara mojamoja weka pia fumbo lisilo na jibu, au lenye namba ya ziada isiyohusika, ili mwanafunzi azoee kwamba kusema “swali hili halijibiki” ni hisabati halali.

Anaandika 5 + 3 = 8 × 2 = 16

Dalili hii hupuuzwa kwa sababu jibu la mwisho ni sahihi. Iliyoharibika ni alama ya usawa, ambayo mwanafunzi anaisoma kama “inatoka” au “jibu ni”. Ili kuhakikisha, mpe 8 + 4 = ☐ + 5. Anayeandika 12 kwenye kisanduku anasoma alama hiyo kama amri ya kutoa jibu. Anayeandika 17 amejumlisha kila alichokiona. Anayeandika 7 ndiye anayejua kwamba pande mbili zinalingana. Yule wa 12 anaweza kupita madarasa kadhaa bila kugunduliwa, hadi siku atakapokutana na 2x + 3 = x + 9, ambapo hakuna upande wenye “jibu”, na hapo ataambiwa kwamba aljebra imemshinda.

Lugha yetu inatusaidia hapa, ila hatuitumii. Kusoma “tano jumlisha tatu ni sawa na nane” kunabeba maana kamili, ilhali “tano jumlisha tatu inakuwa nane” kunaonyesha kitu kilichogeuka kuwa kingine. Sisitiza usomaji wa kwanza. Kisha toa sentensi za kweli au uongo ambazo hazina la kukokotoa: 9 = 9; 7 = 3 + 4; 6 + 2 = 2 + 6; 5 + 3 = 8 + 2. Mabishano yatakayozuka juu ya 9 = 9, ambayo wengine wataiita uongo “kwa sababu hakuna swali”, yatakufunulia ukubwa wa tatizo.

Sehemu na desimali zinamchanganya

Kosa maarufu ni 1/2 + 1/3 = 2/5, juu kwa juu na chini kwa chini. Chanzo chake ni kuiona sehemu kama namba mbili zilizotenganishwa na mstari, badala ya idadi moja yenye mahali pake. Kabla ya kutaja kigawe kidogo cha shirika, muulize mwanafunzi swali moja: je, 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Sasa inawezekanaje tuanze na nusu, tuongeze kitu, kisha tubaki na pungufu ya nusu? Mwache akae na swali hilo kwa muda.

Baadaye mchoree mstatili wa miraba sita, safu mbili za miraba mitatu. Nusu ni safu moja, yaani miraba 3. Theluthi ni mkanda mmoja wa kusimama, yaani miraba 2. Kwa kuwa zitagongana mahali pamoja, ahesabu tu miraba ya kila moja na kuijumlisha: 3 na 2 ni 5 kati ya 6. Asili ya 6 haikushushwa kutoka kwenye kanuni. Imetokea kwa sababu sita ndiyo idadi ndogo kabisa inayogawanyika kwa nusu na kwa theluthi bila kupasua mraba. Majina ya nusu, theluthi na robo nayo yana nguvu ambayo “moja juu ya tatu” haina, kwa sababu yanataja kitu kimoja.

Kwa upande wa desimali, mwanafunzi anayedai kwamba 0.125 ni kubwa kuliko 0.7 amelinganisha 125 na 7. Mara nyingi amejifunza kosa hilo kwa sikio, kwa kuisoma “sifuri nukta mia moja ishirini na tano”. Asome “sifuri nukta moja mbili tano”, na aandike 0.7 kama 0.700 chini yake. Yatosha.

Anapata majibu yote, hawezi kueleza hata moja

Huyu hapelekwi kwa yeyote kusaidiwa, maana alama zake ni nzuri, ila amesimama juu ya kanuni alizozikariri. Dalili hujitokeza kanuni mbili zinapofanana, kwa mfano anapoandika (a + b)² = a² + b². Usimsahihishe kwa kanuni nyingine ya kukariri. Mwambie aweke 10 na 3: 13² ni 169, lakini 100 na 9 ni 109. Zimepotea 60. Ziko wapi? Akichora mraba wenye upande wa 13 na kuukata penye 10 kila upande, ataona mraba mkubwa wa 100, mraba mdogo wa 9 kwenye kona, na mistatili miwili ya 10 kwa 3. Hizo ndizo 60 zake, na ndizo 2ab ambazo angeambiwa azikariri.

Alijua wiki iliyopita, leo amesahau

Tatizo hapa kwa kawaida ni ratiba. Maswali thelathini ya aina moja yakifanywa siku moja humpa mwanafunzi hisia ya umahiri, kwa kuwa baada ya swali la tatu halazimiki tena kuchagua njia. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba kujifunza kulikotawanywa katika siku kadhaa hudumu kuliko kulikorundikwa, na tafiti za baadaye zimeendelea kulithibitisha. Anza kila kipindi na maswali manne ya kufanywa bila kufungua daftari: moja la jana, mawili ya wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita, yakiwa yamechanganywa bila vichwa vya mada. Wanafunzi watakosea zaidi mwanzoni na watalalamika. Waambie mapema kwamba itakuwa hivyo.

Mwili unaganda akiona mtihani

Hofu ya hisabati ina kazi inayoweza kuelezwa. Akili ina nafasi finyu ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja, na wasiwasi huichukua sehemu ya nafasi hiyohiyo ambayo ingetumika kubeba namba katika hesabu ndefu. Ndiyo maana mwanafunzi aliyeshindwa ndani ya chumba huikumbuka hesabu akiwa mlangoni. Pima kwa kumpa swali lilelile bila saa na bila alama: akilifanya vizuri, chanzo ni hofu, nawe punguza mashindano ya kasi na umruhusu aandike hatua zote badala ya kuzishikilia kichwani. Asipoliweza, hofu ni moshi tu, moto uko kwingine. Kuna pengo la maarifa, na maneno ya kutia moyo hayatalijaza.

Pengo hutafutwa kwa kushuka ngazi. Aliyeshindwa milinganyo apewe milinganyo isiyo na namba hasi. Akiweza, pengo liko kwenye namba hasi. Aliyeshindwa kugawanya kwa mafungu apewe jedwali la kuzidisha mezani. Akiweza, kugawanya anakujua, na kinachompungukia ni jedwali. Shuka hadi ngazi anayoisimamia kwa uhakika, kisha panda naye kutoka hapo, hata ikiwa ni kazi ya madarasa mawili nyuma.

Maneno mawili ya wasaidizi wema huongeza tatizo. La kwanza ni “Hii ni rahisi.” Akiliweza, ameweza jambo rahisi, akilishindwa, ameshindwa hata lililo rahisi. La pili ni “Una akili sana.” Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck waliripoti mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walivumilia kidogo baada ya kushindwa, na walielekea kuchagua kazi zisizowahatarisha, kuliko waliosifiwa kwa bidii. Sifa iliyo salama hutaja kitu kilichofanyika: “Umehakiki jibu lako kwa kujumlisha, ndipo ukaliona kosa.”

Kabla ya kuilaumu hisabati

Mwanafunzi anayenakili 3 badala ya 8 huenda haoni ubao. Mwambie asome mstari wa chini akiwa kitini pake. Anayejibu swali ambalo halikuulizwa huenda hasikii vizuri, au lugha inayofundishiwa si ile anayofikiria kwayo, na hapo mruhusu aeleze kwa lugha aliyo nayo kwanza. Wako pia wanafunzi wachache wenye ugumu wa kudumu wa kuhisi idadi, unaoitwa diskalkulia. Ikiwa baada ya miezi ya msaada wa makini bado mtoto mkubwa anahesabu vidole kwa 4 + 3 na hawezi kukisia ipi ni kubwa kati ya namba mbili zilizo mbali, apelekwe kwa mtaalamu wa elimu maalumu badala ya kuongezewa mazoezi.

Kuhusu wale watatu wa mwanzo, usiwapime siku uliyowatibu. Ngoja wiki moja, kisha wape 503 − 268. Wa kwanza akiandika 365, bado anatoa ndogo kutoka kwenye kubwa. Wa pili akiandika 145, bado anairuka sifuri. Wa tatu akiandika 245, bado lile kumi linamponyoka. Wakiandika 235, waombe wakuonyeshe walivyohakikisha, na ukiona mmoja amejumlisha 235 na 268 pembeni mwa karatasi bila kuambiwa, huyo mwachie swali linalofuata alitunge yeye.